Dozi niliyoitoa bila kuipima

Walimleta kwa bodaboda, mshikaki: dereva mbele, mzee katikati, mjukuu nyuma amemkumbatia asianguke. Shati limelowa jasho chapachapa. Macho yako wazi, lakini hamjui mtu. Nesi akamchoma kidole, glukomita ikahesabu, ikasoma 1.9: sukari imeshuka mno.

Nilimtambua kabla sijamfikia. Siku tisa nyuma alikuwa amekaa mbele ya meza yangu kwenye kliniki ya sukari, katika kituo cha afya ninachofanyia kazi kama tabibu hapa mkoani Tanga. Mzee wa miaka 68, mstaafu wa mashamba ya mkonge, mtu wa maneno machache, haji kliniki bila kofia yake iliyodariziwa kwa mkono. Siku ile sukari yake ilikuwa juu, 14, na foleni nyuma yake imefika mlangoni. Nikamwandikia dawa zake zilezile za kushusha sukari, glibenklamaidi vidonge viwili asubuhi na kimoja jioni, nikamwambia maneno ambayo kwa miaka 11 nimewaambia wagonjwa wasiohesabika: "Mzee, punguza wanga." Akaitikia, "Sawa, mwanangu." Nikamwita anayefuata.

Tulimtundikia glukosi. Baada ya dakika chache akaanza kuuliza yuko wapi. Hatukumruhusu kurudi nyumbani, kwa sababu glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu, na mgonjwa anaweza kuzinduka akakaa kitako akaongea vizuri, kisha sukari ikashuka tena. Ndivyo ilivyokuwa. Saa nane usiku ilikuwa imeshuka tena, 3.1.

Alfajiri mkewe alikuja na chupa ya chai. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Kisha akaniuliza bila ukali, na hilo ndilo lililoniuma zaidi: "Mwanangu, si wewe uliyemwambia asile?"

Nikajitetea. Nikasema nilimwambia apunguze wanga tu. Bibi akanyamaza kidogo. Kwa watu wa rika lake huku pwani, wanga kwanza ni wachawi, watu wa usiku. Walipofika nyumbani siku ile walikaa wakashangaa daktari anazungumzia wanga kwa maana gani, mpaka mjukuu aliyepo sekondari akawaeleza: wanga ni ugali, wali, muhogo, viazi, ndizi, mkate, chapati. Basi mzee akaacha vyote. Siku tisa alikula mchicha, samaki wa kuchoma na chai kavu, na kila asubuhi akameza vidonge vyake viwili kama nilivyomwandikia. Hakukosea popote. Alifuata agizo langu kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumhudumia, na agizo langu nusura limuue.

Naandika haya kwa wenzangu wa afya kwanza, na kwa yeyote aliyewahi kuambiwa "rekebisha chakula" akatoka chumba cha daktari hajui arekebishe nini.

Wiki ile nilirudi kwenye madaftari yangu ya chuo. Nilitaka kujua nilifundishwa nini hasa. Lishe ilikuwamo, tena nyingi, lakini karibu yote ilikuwa ya mtoto na mama mjamzito. Kwashakoo, utepe wa kupimia mkono, matone ya vitamini A, vidonge vya kuongeza damu, uji wa mtoto wa miezi sita. Siyo kosa la aliyepanga hivyo. Nchi hii ilianzisha Taasisi ya Chakula na Lishe mwaka 1973, wakati utapiamlo wa watoto ulipokuwa unazika watoto wetu, na kazi ile inaendelea kuokoa maisha hadi leo. Hata ukutani kwetu mabango ya lishe yako kliniki ya watoto tu. Ukivuka korido kuja kwa wagonjwa wa sukari na presha, unakuta bango la kunawa mikono.

Kwenye kisukari, daftari langu lina kurasa nne za dawa: jina, dozi, muda wa kufanya kazi, madhara, nani asipewe, inagombana na dawa gani. Chini kabisa kuna mstari mmoja: mgonjwa ashauriwe kuhusu lishe. Ashauriwe na nani? Ashauriwe nini, kiasi gani, kwa muda gani? Hakuna. Wakati utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kwa watu wa miaka 25 hadi 64, karibu asilimia 26 walikuwa na presha ya juu na asilimia 9 walikuwa na kisukari. Hao ndio wanaojaza mabenchi yetu, na sisi tumekuja kuwapokea na mstari mmoja.

Tunapenda sana kusema chakula ni dawa. Tunaliandika kwenye fulana. Ila ukiliamini kweli neno hilo, lazima ukubali na mengine yanayofuatana nalo: dawa ina dozi, ina muda, ina madhara, na inagombana na dawa nyingine. Hakuna tabibu anayemwambia mgonjwa "ongeza dawa kidogo" akaishia hapo. Kwa chakula tunafanya hivyo kila siku.

Nikaanza kusoma usiku, kwa simu, watoto wakishalala. Nilikutana na utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2002, wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa kwenye ukingo wa kupata kisukari. Kundi moja lilipewa metformini, kidonge cha sukari. Jingine lilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Metformini ilipunguza wagonjwa wapya kwa asilimia 31. Chakula na kutembea, asilimia 58. Niliisoma mara mbili. Nikakasirika, nasema kweli. Matokeo haya yalikuwepo kabla sijaingia chuo, na katika miaka yangu yote ya masomo hakuna aliyenitajia.

Uliofuata ndio ulionikosesha usingizi. Ni wa Uingereza, majibu yake ya kwanza yalichapishwa mwishoni mwa 2017. Watu wenye kisukari cha aina ya pili, wasiotumia insulini, walilishwa chakula maalumu cha kalori kama 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishwa polepole kwenye chakula cha kawaida. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 yao sukari ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha ugonjwa bila kidonge chochote. Lakini kilichonisimamisha si hiyo asilimia. Ni sentensi moja kwenye maelezo ya utaratibu: dawa zao za sukari na za presha zilisitishwa siku ya kwanza.

Siku ya kwanza. Wenzetu walisitisha vidonge, ndipo wakapunguza chakula, tena mgonjwa yuko chini ya uangalizi. Mimi nilipunguza chakula nikaacha vidonge vitatu vikifanya kazi kwenye tumbo tupu.

Nilimweleza daktari mfawidhi wetu kila kitu, bila kuficha. Nikaomba nusu saa ya wafanyakazi wote kila Jumatano saa nane mchana, siku moja kabla ya kliniki. Alikubali kwa sharti kwamba wagonjwa wawe wameisha. Mwenzangu mmoja alisema, "Sisi si maafisa lishe." Ni kweli, na afisa lishe tuliyenaye anahudumia kata kadhaa, tunamwona mara moja kwa mwezi akiwahi. Mgonjwa anatuona sisi.

Jumatano ya kwanza sikuleta karatasi. Nilimwagiza mama ntilie wa getini sahani kumi za ugali, zilezile anazowauzia wagonjwa na sisi wenyewe: ugali, maharage, matembele kidogo pembeni. Mfamasia akaleta mizani ya jikoni kutoka kwake. Nikawaomba kila mmoja akadirie uzito wa ugali ulio kwenye sahani yake. Wengi walisema gramu 200, mmoja akasema 300. Tukaupima. Sahani ya kwanza ilikuwa gramu 620. Tukakokotoa pamoja: ugali mgumu, robo yake na ushee ni wanga, kwa hiyo pale palikuwa na kama gramu 160 kwa mlo mmoja. Ukisindikiza na soda ya chupa ya mililita 350 unaongeza sukari inayokaribia gramu 37, vijiko vidogo tisa hivi. Chumba kilinyamaza. Sisi ndio tunaokula chakula kile kila siku ya kazi.

Wanne walijitolea kupimwa kabla ya kula na saa mbili baadaye. Stripu tulizinunua kwa kuchangishana, hatukugusa za wagonjwa. Wawili walikuwa sawa. Mmoja ilipanda kidogo. Wa nne alikuwa metroni wetu, mwanamke mwenye miaka 25 kazini, aliyenifundisha mimi kutafuta mshipa. Kipimo chake kilisoma 13.4. Akaitazama ile namba kwa muda, akaifuta glukomita kwa spiriti, akairudisha kwenye mkoba wake taratibu. Kesho yake alikuja kabla ya kunywa chai: 8.9. Tukarudia siku nyingine, bado juu ya 7, mpaka wa kisukari kwa asiyekula kitu. Alikuwa amewapa wagonjwa wa sukari ushauri wa chakula kwa robo karne. Ameniruhusu niyaandike haya, alisema, "Andika, wasije wakadhani ni ya wagonjwa tu."

Baada ya siku ile hakuna aliyeniuliza tena kwa nini tupoteze nusu saa.

Wiki iliyofuata metroni alikula sahani ya mama ntilie yuleyule, lakini ugali ukiwa sawa na ngumi yake, maharage yakiongezwa, matembele yakijaza nusu ya sahani, na soda ikabaki dukani. Saa mbili baadaye: 9.6. Hilo si jaribio la kisayansi na sikulitangaza hivyo. Lakini ukishaona kidole chako mwenyewe kikitoa namba mbili tofauti kwa sahani mbili, huhitaji kuhubiriwa.

Tulijifunza mengi mle ndani ambayo wengi wetu tulikuwa tukiwaambia watu kinyume. Dona, kwa mfano. Huku kila mwenye sukari anaambiwa "kula dona," na dona ni bora kuliko sembe, maana pumba na kiini cha hindi vimebaki. Lakini nimewaona wagonjwa wanaokula mlima wa dona kwa imani kwamba haupandishi sukari. Unapandisha. Vivyo hivyo bada, ule ugali wa muhogo, na ulezi. Juisi ya machungwa ya Muheza iliyokamuliwa nyumbani, bila sukari ya kuongeza, ni machungwa manne au matano kwenye glasi moja, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio. Chungwa moja zima, lile na nyama zake, ni kitu kingine. Na upande wa chumvi, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja kidogo kwa vyakula vyote. Mama wengi wakisikia hivyo wanafikiria chumvi ya sufuriani tu. Mwenye presha anayekula ng'onda, achari na viungo vya pakiti anaweza kuwa amepita kiwango kabla hajashika kopo la chumvi.

Mwenzangu wa maabara alikuwa na hoja kwamba presha ni umri tu, kila mzee huipata. Nikamsomea habari ya daktari Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, upande wa Ziwa Viktoria nchini Kenya, na kuandika mwaka 1929. Alipima presha za wanaume wapatao 1,000 pale na hakuona ikipanda na umri kama ilivyokuwa Ulaya. Zaidi ya miaka 60 baadaye, mwaka 1990, ukatoka utafiti wa Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi. Ndani ya miezi michache tu ya kufika mjini presha zao zilikuwa zimepita za wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi na potasiamu kidogo. Damu ni ileile, ukoo ni uleule. Kilichobadilika ni chungu na maisha. Mwenzangu alikaa kimya, kisha akasema baba yake alihamia mjini mwaka 1988.

Lakini somo nililolisimamia kuliko yote ni lile la dawa na sahani, kwa sababu ndilo lililotokana na kosa langu. Mfamasia alitutengenezea karatasi moja tukaibandika kila chumba. Mgonjwa akiwa kwenye glibenklamaidi, gliklazaidi au insulini, usimpunguzie ugali kabla hujaangalia dozi yake, na usimwache aende bila kujua dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Metformini peke yake ni nadra kuishusha hivyo. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiambiwe ghafla ale mchicha na kisamvu kwa wingi, maana vitamini K ya majani yale hupunguza nguvu ya dawa. Ale kiasi kilekile kila wiki. Mwenye figo dhaifu, au anayetumia dawa za presha zinazobakiza potasiamu, usimshauri zile chumvi mbadala za madukani zenye potasiamu. Haya yote yapo vitabuni. Ila yamekaa kwenye kurasa za dawa, na sisi ushauri wa chakula huwa tunautoa bila kufungua kitabu.

Kulala, kutembea, sigara, pombe, msongo, upweke, vyote viko kwenye hii tiba ya mtindo wa maisha, yaani kutibu kwa kubadili namna mtu anavyokula na kuishi, na vyote tumevigusa, vingine juujuu tu. Kuhusu usingizi sijui niwaambie nini manesi wanaoingia zamu tatu za usiku mfululizo. Hilo halitatuliwi na darasa la Jumatano.

Kilichobadilika zaidi ni namna ya kuuliza. Zamani nilikuwa nauliza, "Unafuata masharti ya chakula?" Na mgonjwa, kwa heshima, anajibu ndiyo. Atajibu nini kingine, na mimi nimeshika kalamu? Sasa nauliza, "Jana ulipoamka ulianza na nini?" Kisha nanyamaza. Anaanza: chai, vijiko vitatu vya sukari, maandazi mawili. Saa nne? Saa saba? Nani alipakua? Sahani yako ni ya peke yako au mnakula sinia moja? Kwa mtu anayekula sinia moja na watu watano, "nusu sahani mboga" haina maana yoyote. Dakika tatu zinatosha kupata picha, na nikishaipata nabadilisha kitu kimoja tu mpaka kliniki ijayo. Kwa mama mmoja muuza vitumbua kilikuwa vijiko vya sukari kwenye chai, kutoka vitatu hadi kimoja, kwa sababu anakunywa vikombe sita kwa siku jikoni kwake. Sikumwambia aache vitumbua. Ndivyo vinavyomsomeshea watoto. Kwa mzee mwingine kilikuwa mbaazi: arudishe mbaazi asubuhi na apunguze chapati moja.

Foleni haijapungua. Siku ya wagonjwa wengi bado natamani kusema "punguza wanga" nimwite anayefuata. Nalikamata hilo neno likiwa limeshafika kwenye ulimi.

Mzee wangu alirudi kliniki wiki mbili baada ya kuruhusiwa. Nilijua angekuwa na haki ya kwenda kwingine. Nikamwomba radhi mbele ya mkewe. Akasema, "Yamepita, mwanangu." Kidonge cha jioni tulikiondoa, baadaye tukambadilishia dawa kabisa, na tukakubaliana ugali wa ngumi moja, mchana na usiku, asikose. Bibi alianza kuja naye kila mara, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwa kuchelewa kwamba kwa miaka yote nilikuwa nazungumza na mtu asiyepika.

Mwaka huu, wiki tatu kabla ya Ramadhani, walikuja wote wawili. Mzee anataka kufunga. Mwaka jana tulimkatalia, kwa sababu alikuwa ametoka kuzimia. Nilikuwa na tabibu kijana aliyeletwa kwetu kwa mazoezi, nikamwachia kiti. Hakugusa kalamu. Aliuliza futari ya nyumbani kwao huwaje. Bibi akahesabu kwa vidole: tende, uji, muhogo wa nazi, viazi, kaimati, tambi, samaki. Kijana akauliza muhogo vipande vingapi. Bibi akasema vipande haviwezi kuhesabiwa, vya muhogo mmoja havilingani na vya mwingine. Akainama, akafungua kikapu chake, akatoa bakuli lililofungwa kwa kitambaa, muhogo wa nazi wa jana usiku, na kijiko anachopakulia.

"Nimekileta chenyewe," akasema, akaliweka kwenye mizani.